Kumtafuta Dume wa Kabambare

Tangu nirudi, kila anayenikuta ananiuliza swali lile lile: "Mwamini, ulienda Maniema kufanya nini hasa, na mbona sanduku lako linanuka moshi?" Nimechoka kusimulia nusu nusu, mara kwenye foleni ya maji, mara mlangoni mwa kanisa. Naandika yote mara moja. Aliyesoma amsomee mwenzake, na anayetaka kucheka acheke, maana nami nimeshacheka.

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengi wenu mnaiona kama ugonjwa. Natunza wadudu waliokaushwa, na kundi langu ni kunguni-ngao pamoja na jamaa zao kunguni-kito. Si wale wa kitandani, tafadhali. Hawa hukaa majanini, wana mgongo mpana uliowafunika kama ngao, na ukiwagusa hutoa harufu ambayo sabuni moja haitoshi kuiondoa. Kunguni-kito ndio warembo wa ukoo huo: kijani cha kung'aa, buluu, wekundu wa tumboni, madoa meusi. Mimi kazi yangu ni kusema huyu ni nani na yule ni nani, na asiye na jina kumtafutia.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Kalonda. Alipokuwa kijana alipita Kabambare, akaokota majike watatu wa kunguni-kito kwenye ua wa mbono kaburi, ule mti wa utomvu ambao watu huupanda kuzungushia nyumba na makaburi. Aliwatazama, akasema hawa bado hawajapewa jina na mtu yeyote. Wataalamu wa nje walimjibu kwamba ni rangi tu ya aina inayojulikana tayari. Hawakuwa wajinga. Rangi ya kunguni-kito ni shahidi mlevi: leo kijani, akikauka zambarau, ukimlowesha anarudi kijani. Ushahidi unaokubalika uko mkiani mwa dume. Hapo pana kibweta kidogo cha uzazi, na ndani yake kulabu mbili za kumshikia jike, na kila aina ina kulabu za umbo lake. Aina ile inayojulikana, kulabu yake ina jino moja. "Tuletee dume," wakamwambia. Mwalimu hakurudi tena Kabambare. Mara vita, mara barabara, mara watoto wa kusomesha, hadi mvi zikamjaa.

Sasa presha ya macho imemkamata. Daktari alimwambia waziwazi kwamba anachotaka kukiona akione upesi. Ndipo mimi nikapata nafasi ya kwenda. Nilitaka jambo moja tu: nimletee dume, nimweke chini ya darubini, mzee aone kwa macho yake kama alikuwa sahihi. Au kama alikosea. Hata hilo alistahili kulijua.

Kasongo, tukingoja jua

Ndege ndogo ilitushusha Kasongo kwenye mvua ambayo haikuwa na haraka ya kwenda popote. Barabara ya Kabambare ilikuwa imegeuka uji, wakaniambia nikae nisubiri. Nilikaa. Mnanijua, kukaa si kipaji changu.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye kitenge cha njano, aliniuliza kwa upole nimekuja kutafuta nini. Nikajibu bila kufikiri: "Kunguni, mama." Uso wake ulibadilika kama mbingu ya siku ile.

"Madame! Kwangu hapa hakuna kunguni! Vitanda yote nilimwangia maji ya moto! Nani alikuambia? Ni ule wa ngambo, eh? Ule ndiye iko na kunguni!"

Kabla sijajieleza alikwishaburuta godoro hadi barazani na kuligeuza mbele ya wageni wengine ili waone kila mshono. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliziangalia sana, akasema hawa ni wazuri mno kuitwa kunguni, na kwamba aliyewapa jina hilo hakuwa na heshima. Jioni akaniletea wali wa Kasongo, ule mchele unaokuja mezani ukiwa umekwisha kujisifu wenyewe kwa harufu, na samaki wa Lualaba aliyetoka Nyangwe asubuhi, akielea ndani ya mawese. Nililamba vidole. Toka hapo kila aliponipita aliniuliza, "Na bale warembo yako?" nasi tukawa marafiki.

Yeye ndiye aliyeniletea Saidi. Saidi ni mtu wa makamo mwenye ndevu za kijivu, wa familia za Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuwa wafanyabiashara hapo hapo Kasongo. Ndugu zake wana maduka. Yeye alichagua pikipiki, na wateja wake karibu wote huenda Salamabila kwenye machimbo. Alinisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Mama, batu banaenda Salamabila kutafuta zahabu. Weye unaenda Kabambare kutafuta kadudu ya kunuka?"

"Ndiyo."

"Inauzwaka wapi?"

"Haiuzwi popote."

"Basi iko dawa."

"Wala si dawa. Nataka tu kujua kama ni aina yake peke yake, halafu nikipe jina."

Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Mimi nimebeba batu ya kila namna," akasema. "Namna hii bado. Tutaenda mvua ikikatika."

Njia ya Kabambare

Sitawaeleza kila shimo, maana mashimo yale yangehitaji kitabu chao. Pikipiki ilizama kwenye tope hadi kwenye ekzosi. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka. Palipokuwa na daraja, mbao nyingine zilikuwa zimekwenda na maji, na wasafiri walikuwa wamekaa ng'ambo zote mbili wakitazamana. Mwanamke mmoja aliyebeba kikapu cha muhogo aliniona nimekunja uso, akakitua chini, akanikatia kwanga, ule mkate wa muhogo, na kunimiminia karanga za kuchoma kiganjani.

"Kula, mama. Daraja haiangaliake hasira," akasema.

Nilikula, na kweli daraja halikujali. Vijana wa kijiji walikata miti, wakaipanga, tukavuka mmoja mmoja, pikipiki ikabebwa mabegani kama bibi harusi. Sikumpata tena yule mwanamke nimshukuru vizuri. Nimshukuru hapa basi.

Mbele kidogo kulikuwa na kamba iliyokatiza barabara, na watu wanaokagua mizigo. Mkubwa wao alifungua begi langu. Akatoa lenzi ya mkononi. Akatoa koleo ndogo, vichupa, vifuko vidogo vidogo. Akawatazama wenzake, wakatazamana wote. Kwa watu wanaoishi karibu na Salamabila, mzigo huo una maana moja tu.

"Madame ni mununuzi ya zahabu."

"Hapana. Ninakusanya wadudu."

"Lenzi ya wadudu?" Akacheka bila furaha. "Saidi, huyu ni nani unatuletea?"

Saidi akainua mikono. "Shefu, hata miye nilimuuliza vile vile. Anasema iko natafuta kadudu. Mimi nimechoka kumuuliza."

Kwa bahati nilikuwa nimeokota kunguni-ngao mmoja wa kawaida pale darajani. Nikamfungulia yule shefu kichupa, nikamwambia anuse. Aliingiza pua yote. Sijapata kuona mtu akiamini haraka namna ile. Aliruka nyuma, akafuta pua kwa mkono wa shati, akaamuru kamba ishushwe, na tulipoondoka alikuwa bado anapiga chafya. Wenzake walicheka hadi tukawapoteza kwenye kona.

Kabambare, kwenye ua wa Mama Feza

Saidi alinipeleka moja kwa moja kwa Mama Feza, mjane wa Kibangubangu, mkulima wa mpunga na mihogo, na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Saidi huwa analala hapo akipita na mizigo. Nilichokiona kwanza hakikuwa Mama Feza, Mungu anisamehe. Niliuona kwanza ua wake. Mbono kaburi mtupu, kuzunguka nyumba yote, umebeba matunda. Nilishuka kwenye pikipiki nikaenda kuinama uani kabla sijasalimia.

"Huyu mugeni amepoteza kitu?" Nikamsikia akiuliza.

"Bado hajaipata," Saidi akamjibu.

Alinipokea kana kwamba huwa nakuja kila mwaka. Aliniwekea maji ya kuoga, akanipa chumba cha binti yake aliyeolewa, na tulipokaa kula akaona namna ninavyolimega tonge la bugali akashindwa kujizuia. Mimi nina tabia, nikiwa nafikiri, ya kulifinyanga tonge hadi liwe umbo fulani. Siku hiyo lilikuwa limetoka kunguni, na miguu yake.

"Mama Mwamini, bugali ni ya kula, hapana ya kuchezea," akasema. "Kwenu Bukavu hawakufundishaka?"

Nilitafuta. Kila asubuhi nilishika ua huu, kisha ua wa jirani, kisha ua wa makaburi. Niliwapata wa aina inayojulikana, na wale wa Mwalimu wachache mno, na kila niliyemgeuza tumbo chini ya lenzi alikuwa jike au mtoto ambaye bado hajakomaa. Dume hakuna hata mmoja. Nilianza kuhesabu yale ambayo ningemwambia mzee, na hakuna lililonipendeza. Ilifika mahali nikaliona giza la macho yake kama langu, na nikasononeka waziwazi.

Mama Feza aliona. Aliniuliza hawa wadudu ni wa nini hasa, nami nikamweleza kwa maneno mepesi, ili nisimchoshe na kulabu na vibweta.

"Ni kwa mzee wangu," nikasema. "Anawapenda sana hawa. Aliwapata hapa kwenu akiwa kijana, na tangu siku hiyo hajawapata tena. Sasa anazeeka, macho yanafunga. Nataka nimpelekee, afurahi kabla hayajafunga kabisa."

Aliweka mkono kifuani. "Eh, muzee maskini. Kumbe ni hivyo?"

Asubuhi yake kwaya nzima ilikuwa uani. Mama Feza aliwagawa kama anavyogawa sauti: nyinyi upande wa makaburi, nyinyi njia ya kisima, nyinyi kwa katekista. Aliyepata kadudu chenye mgongo wa kijani na doa jekundu begani, akitie ndani ya chungu na kufunika kitambaa. Waliimba wakiokota. Mimi nilitaka kulia kwa furaha. Nikamwachia chungu chote Mama Feza, nikaondoka na Saidi kuangalia ua mmoja wa mbali ambao mtu alituambia una matunda mengi.

Huko hatukupata kitu. Lakini moyo wangu ulikuwa chunguni.

Moshi

Tulirudi jua likiwa bado juu. Nikanusa moshi, nikanusa na ile harufu yetu. Nikaingia uani nikamkuta Mama Feza amekunja mikono ya blauzi, amechuchumaa mbele ya chano kikubwa, na juu ya chano kunguni-kito wote wa kwaya, wamepangwa, wanang'aa maji na chumvi. Pembeni sufuria ya maji ya moto. Nyuma yake wenzake wawili walikuwa wanatengeneza kichanja juu ya moto. Alinyanyua kichwa akatabasamu kwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi njema.

"Tumemaliza kufinya," akasema. "Sasa tutakausha."

"Kufinya nini?"

"Mikia."

Mikia! Jamani. Katika mwili mzima wa mdudu yule, sehemu moja tu ndiyo iliyonitoa Bukavu.

Sitasema niliyoyasema. Nilipaza sauti nyumbani kwa watu walionilisha, mbele ya kwaya. Niliuliza nani amewatuma, nani amewaambia, kama hawajui kwamba mzee wa watu anangoja. Wale wawili waliacha kichanja. Mama Feza alitazama mikono yake, ambayo vidole gumba vilikuwa vimegeuka rangi ya njano kwa utomvu wa wadudu.

"Mama Mwamini," Saidi akasema polepole, "hasira haiwezi kurudisha tududu."

Ndipo Mama Feza akasema, kwa sauti ndogo: "Ulisema muzee anazipenda. Ulisema tangu ujana hajazipata tena. Nikasema, hauwezi kupelekea muzee chakula chafu. Nikafanya tu vile tunafanyaka viwavi. Unafinya mukia, uchafu inatoka. Unatia maji ya moto, harufu inapunguka. Unatia chumvi, unaweka ku moshi. Inafika Bukavu bila kuoza."

"Mlidhani anawala?"

"Sisi hatukulaka hii," akasema mmoja wa wale wa kichanja, kwa haraka, asije akahesabiwa. "Tulisema, eh, wazee ya Bukavu iko na tamaa ya ajabu. Lakini kama ni furaha ya muzee, tufanye nini?"

Nilikaa juu ya kinu. Kicheko kilinitoka kabla sijakiruhusu, nikacheka hadi machozi, na machozi nayo yakawa ya kweli katikati. Nilimwendea Mama Feza nikapiga goti nikamwomba radhi. Aliniinua. Alisema mgeni akikasirika ni kwamba ameshakuwa mtu wa nyumbani. Nikawaeleza sasa yote, bila kuwapunguzia neno: majike watatu, dume, kulabu, jino. Wakaelewa mara moja, na wakasikitika kuliko mimi.

"Basi tuangalie," akasema Mama Feza. "Labda iko moja tulisahau kufinya."

Hawakuwa wamemsahau yeyote. Lakini nilitoa lenzi, nikaanza kuwageuza mmoja mmoja juu ya chano. Jike. Jike. Aliyepondeka. Jike. Dume wa aina inayojulikana, amepasuka. Wakawa wananisogezea, mmoja akinikinga jua kwa kitenge. Nikamgeuza mwingine, nikaisogeza lenzi karibu.

Mnajua mimi maabara huwa namfanyaje dume mkavu? Namlowesha maji ya moto alainike, kisha kwa sindano nakivuta kibweta kitoke mkiani. Huwa natetemeka, na mara nyingi naharibu. Huyu hapa alikuwa amelainishwa kwa maji ya moto, na kidole gumba cha mama mmoja, sijui yupi, kilimbana pale hasa, kibweta kikachomoza chote, kizima, kulabu zimefunguka huku na huku. Mgongo wake ulikuwa wa wale wa Mwalimu, na doa begani. Niliifuta chumvi kwa ncha ya brashi. Nikatazama kulabu ya kulia, nikatazama ya kushoto, nikarudi ya kulia.

"Iko nini?" Saidi akauliza.

"Meno mawili," nikasema. "Kila kulabu ina meno mawili."

Nikampa Mama Feza lenzi. Alifumba jicho lisilo lenyewe, tukacheka, akabadilisha. Alikaa nayo muda mrefu. "Na mwingine yuko na moja tu?"

"Moja tu."

"Basi hapana mutu moja," akasema. "Muzee alisema kweli."

Yule wa kichanja aliyesema kwa haraka alianza wimbo. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba hata Saidi, ambaye wimbo ule haukuwa wa dini yake, alipiga makofi.

Siku zilizofuata tuliwapata wengine wazima, madume wawili humo, sasa kwa kuwa kwaya ilijua pa kutazama na pa kutogusa. Lakini nilimchagua yule wa chumvi awe mbeba jina, yaani yule mmoja atakayehifadhiwa ili kila atakayebisha aje amtazame yeye. Nadhani ndiye mbeba jina wa kwanza kupikwa nusu.

"Na jina ni nani?" Mama Feza akaniuliza tukichambua mboga.

"La mzee. Mwalimu Kalonda. Itakuwa zawadi, hajui."

Aliacha kuchambua. "Hajui? Kwetu hauwezi kupa mutoto majina ya mutu bila kumuuliza. Kama hataki? Unaenda unamuuliza. Akikubali, mutoto anakuwa majina yake, ni kama yeye mwenyewe amezaliwa tena. Na yeye anamupa mutoto kanguo, asikae uchi. Akikosa kutoa, hajakubali."

Nikasema katika kazi yetu tunaandika tu. Alinitazama kwa huruma. Siku ya kuondoka alinifungia chupa ya mawese na mchele ndani ya kitambaa: haiwezekani kwenda kuomba jina mikono mitupu. Akaongeza kifurushi cha kunguni waliokaushwa vizuri kwa moshi, wale waliobaki. "Labda muzee atajaribu," akasema, na sikujua kama anatania. Hicho ndicho kinachonukia sandukuni.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, tope lile lile, ila mimi sikuwa yule yule na sikuona sababu ya kugombana nalo. Daraja la miti lilikuwa bado limesimama. Kwenye kamba, yule shefu alinitambua kwa mbali, akaziba pua kabla hatujasimama.

"Umeipata kadudu yako?"

"Nimempata."

"Hapana kunifungulia!" akasema, akashusha kamba mwenyewe.

Kasongo, mwenye nyumba ya wageni alinipikia tena wali, na Saidi alikataa kuondoka hadi nipande ndege. Tulipoagana aliniambia: "Sasa nikibeba batu ya Salamabila nitakuwa naangalia ua ya mbono. Umeniharibia macho, mama." Sijawahi kupewa shukrani nzuri kuliko hiyo, na ni mimi niliyepaswa kushukuru.

Bukavu, mezani kwa Mwalimu

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kalonda na tope la Maniema bado kwenye viatu. Mke wake, Mama Bahati, alinifungulia, akanishika mkono mlangoni, na kwa namna alivyonishika nikajua.

"Wiki ile ulienda, ndiyo macho yake ilifunga," akasema.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, lenzi yake ya zamani imening'inia shingoni kwa kamba kama kawaida. Aliijua hatua yangu. "Mwamini. Ulipata?"

Nilisema nimepata. Nikamletea picha niliyopiga kwenye lenzi, nimeikuza hadi ikajaa kioo cha simu chote. Aliisogeza karibu, akaipeleka pembeni, akageuza kichwa kama kuku.

"Minaona tu mwangaza," akasema, na akanirudishia simu kwa adabu kubwa, kama mtu anayekataa chakula cha mwenyeji. "Wewe nieleze tu. Nitakuamini."

Lakini maisha yake yote alitufundisha tusimwamini mtu, tutazame wenyewe. Niliona nimechelewa, basi. Nilikasirikia mvua ya Kasongo, daraja, kila kitu.

Jioni Mama Bahati alitandika meza. Alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mawese ya Mama Feza niliyompa nilipoingia, na bugali ilikuwa inatoa mvuke. Tulinawa. Nikamega tonge, na vidole vyangu, vile vilivyokosa adabu huko Kabambare, vikaanza kulifinyanga vyenyewe. Nikavitazama. Nikaanza upya, safari hii kwa makusudi, kulabu ya yule dume: shina nene, mpindo wa juu, jino, bonde, jino. Nilimega tonge la pili nikatengeneza kulabu ya aina inayojulikana.

"Mwalimu, nipe mkono."

Nikamwekea kwanza ile ya kawaida. Aliipapasa kwa kidole cha shahada, kuanzia chini. "Shina. Mpindo. Jino," akasema. "Hii tunaijua."

Nikamwekea ya pili. Alianza tena chini, polepole. Shina. Mpindo. Kidole kikapanda juu ya jino la kwanza, kikashuka bondeni, kikakutana na la pili. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena. Mama Bahati aliacha kutafuna.

"Mbili," akasema.

"Pande zote mbili, Mwalimu. Kulia na kushoto. Na kwa madume wote watatu."

"Mbili," akarudia. Mama Bahati akamshika bega.

Ndipo nikamweleza kwamba kuna mama huko Kabambare ambaye hakuniruhusu kumpa mdudu jina la mtu bila kumuuliza mwenyewe, na kwamba haya mawese na mchele ni ya kuombea. Nikamwuliza kama atakubali mdudu huyo awe majina yake, yaani somo wake. Nikamwambia na sharti la kanguo.

Aliweka ile kulabu ya bugali kwenye kiganja cha kushoto, asiivunje, na kwa mkono wa kulia akatafuta kamba shingoni mwake. Akaivua juu ya kichwa na ile lenzi, akanyoosha mkono mezani kuelekea sauti yangu.

"Mutoto asikae uchi," akasema. "Mimi siihitaji tena."

Niliipokea kwa mikono miwili. Bado ilikuwa na joto la kifua chake.

"Sasa mule," akasema Mama Bahati, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, "bugali inapoa."

Mwalimu akaichovya ile kulabu kwenye sombe, akaila yote, pamoja na meno yake mawili.